Sauti ya Mjomba kwenye Injini ya Watu

Nakumbuka asubuhi ile ya Makambako, mwanangu, baridi inauma mpaka spana unaishika kwa kitambaa. Sogea hapa karibu na moto. Na hayo meno usiyatoe kwanza, najua unangoja niige mchungaji. Leo sikuchekeshi. Ama nitakuchekesha kidogo, halafu utanyamaza mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi msichana, shule siijui hata mlango wake, nakaa kwa mjomba wangu Elikana, fundi wa pikipiki pale njia panda, magari ya Njombe na ya Mbeya yanapoachana. Kazi yangu ilikuwa kuwapikia mafundi chai na ugali. Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kuiga watu. Karani anayeongea kwa pua, mama muuza ulanzi akishaonja pombe yake mwenyewe, wote nilikuwa nao hapa kooni. Lakini mjomba ndiye niliyempatia kuliko wote. Sauti yake nzito, ya kukwaruza, kama mtu anaburuta gunia la mahindi sakafuni. Nikimwiga, mkewe mwenyewe anaitika jikoni, "Abee, baba Yohana!" Watu wanashika mbavu. Na mimi kichwa kinavimba.

Pale kwa mjomba alikuwepo kijana wa Kikinga, Zakayo, ametoka Matamba. Mpole, akifanya kazi ulimi unachungulia nje, hivi. Usicheke, ndivyo alivyokuwa. Mjomba alishamwahidi: pikipiki ya Bwana wa miwati ikitoka hapa inanguruma vizuri, nakupeleka Njombe ukafungue karakana yetu ya pili, uisimamie wewe. Siku hizo Zakayo alikuwa anatembea kama amebeba mayai.

Huyo Bwana wa miwati alikuwa mzungu wa mashamba ya miwati, ile miti ya kuuza magome, kule Njombe. Alikuwa na rafiki yake wanashindana pikipiki kupanda milima. Siku alipoileta alisema, "Elikana! Mimi nataka pikipiki yangu kimbia sana! Ile ya rafiki kula vumbi tu!" Akatoa kwenye boksi kemshafti mpya, ya mashindano, imetoka Ulaya.

Unaniangalia hivyo, kemshafti huijui? Ni uti wa chuma wenye nundu. Ukizunguka, nundu zinasukuma valvu, injini inavuta pumzi na kuitoa. Hii ya mashindano nundu zake ni ndefu, kwa hiyo valvu inaingia ndani zaidi, inaisogelea pistoni kama kucha na nyama. Giya yake ina nukta, na giya ya chini yake ina nukta, na nukta hizo lazima zitazamane. Zikipishana jino tu, valvu na pistoni zinagongana humo humo ndani. Mimi haya niliyapata kwa kupeleka chai. Mjomba aliyasema kila siku kama ibada.

Na kweli walikuwa wanaitikiana kama kanisani. Mmoja anakaa kushoto, anazungusha injini kwa spana. Mwingine anainama kulia, anatazama nukta. Wa kushoto haoni kitu, injini imemkinga. Anauliza, "Alama?" Wa kulia anajibu, "Imekutana, funga." Neno hilo lilikuwa la mjomba peke yake. Akishalisema, hakuna anayerudi kuangalia. Ukiangalia tena baada yake, ni kama unamwambia mzee macho yake yamekwisha.

Basi asubuhi hiyo kemshafti imeshaingizwa, Zakayo yuko kushoto kainama na spana, mjomba yuko kulia, bado anatafuta nukta. Nje honi ikalia. Mjomba akainuka kimya kimya, akatoka kuona nani. Mimi nikaingia na birika. Nikasikia Zakayo anauliza kule chini, "Alama?"

Mwanangu, ungekuwa wewe ungenyamaza. Mimi nilichuchumaa pale pale alipokuwa mjomba, nikaburuta lile gunia la mahindi kooni: "Imekutana, funga. Natoka mara moja."

Hata nukta sikuziangalia. Ningeziangalia ningejua nini? Nikakimbilia nyuma ya pazia la gunia, upande wa jikoni, nikajaza kanga mdomoni. Nikasema, ngoja afunge kifuniko, ndipo nitoke nimcheke. Zakayo akazunguka, nukta hakuziangalia, akachukua kifuniko, akafunga skrubu moja moja huku anaimba wimbo wa kanisani polepole. Jinsi alivyokuwa na furaha ndivyo nilivyoona utamu unazidi. Nikangoja amalize kabisa.

Alipomaliza tu, mjomba akaingia. Nyuma yake Bwana wa miwati. Honi ilikuwa yake.

Kicheko kikanikauka.

"Umefunga?" mjomba akauliza.

"Nimefunga, fundi."

Mjomba akamtazama, akamtazama mzungu, akameza neno. Mbele ya mteja, fundi hagombani na fundi. Labda pia moyoni alisema, kijana amekua, amezipata nukta mwenyewe. Alinyoosha mkono kutaka wazungushe taratibu kwanza, lakini Bwana wa miwati alishapanda. "Leo rafiki yangu lia!" Akasimama juu ya kiki ya kuwashia na uzito wake wote.

Ka!

Mlio huo siwezi kuuiga. Yote ninaiga, huo siwezi. Kiki ikagoma katikati, mzungu nusura aruke. Kifuniko kikafunguliwa. Nukta moja inatazama huku, nyingine inatazama kule. Valvu mpya imepinda kama kidole cha mzee.

"Nani alikwambia ufunge?" mjomba akasema.

"Wewe, fundi."

"Mimi?"

"Wewe, fundi. Ulisema imekutana, funga. Ukasema unatoka mara moja."

Mjomba hakupiga kelele. Alisema taratibu, na hiyo ndiyo mbaya. "Zakayo, kukosea ningekusamehe. Valvu hupinda. Lakini unanisingizia mimi nimesimama hapa na masikio yangu? Vua aproni. Rudi kwenu Matamba."

Zakayo akafungua kamba ya aproni. Mdomo wake ulikuwa unatembea bila sauti, nikajua anajiuliza kama ameanza kuwa chizi.

Mimi pale nyuma ya gunia nikataka kusema, "Mjomba, ni mimi." Nikafungua mdomo. Sauti yangu haikutoka. Kilichotoka, mwanangu, ni sauti ya mjomba: "Imekutana, funga. Natoka mara moja."

Karakana nzima ikageuka kulitazama pazia. Mjomba akalivuta. Nikaonekana nimesimama na kanga yangu imelowa mate.

"Twilumba," akaniita jina langu. "Rudia. Kwa sauti yako."

Nikajaribu. Ikatoka ya karani, kwa pua. Nikajaribu tena, ikatoka ya mama wa ulanzi. Sikuwa nafanya utani, nakuapia. Nilikuwa nimejificha kwa watu muda mrefu hata sikujua mlango wa kutokea. Mzungu akacheka, mjomba hakucheka. Alisimama akangoja mpaka kikatoka kisauti chembamba, kama cha kuku mgonjwa: "Ni mimi. Nisamehe, kaka Zakayo."

Zakayo akajibu, "Haya, dada." Akajifunga aproni tena.

Utasema basi yameisha. Bwana wa miwati aliichukua pikipiki yake akaipeleka kwingine, na akawaambia wenzake wa Njombe kwa Elikana wanafunga injini kwa mchezo. Karakana ya pili haikufunguliwa. Zakayo hakunitukana hata siku moja, alinishukuru kwa chai kama zamani. Lakini mjomba alipoanza kuinama tena kulia na kusema, "Imekutana, funga," Zakayo aliweka spana chini, akazunguka, akaja kutazama mwenyewe. Kila mara. Na mjomba alikuwa anasogea kumpisha, kichwa chini, mzee wa watu. Mimi nimeshika birika mlangoni, naona.

Siku moja aliniambia, "Mpwa wangu, huku ndani nilikuwa na sauti. Uliichukua kuchezea, sasa hakuna anayeitaka." Mpaka leo nikiikumbuka hiyo, uso unaniwaka.

Kwa hiyo sikiliza. Cheka na watu, waige hata mimi, najua unaniiga nikigeuka, na unanikosea. Lakini kama mtu anauliza swali ambalo mkono wake unangoja jibu, mchezo uweke chini. Mjibu wewe, kwa jina lako, na kama hujui sema sijui. Na ukisikia utani wako unaanza kumwumiza mtu, usingoje amalize kufunga. Toka nyuma ya pazia wakati bado unaweza kucheka naye.

Mungu akupe neno ambalo watu wakilisikia gizani watalitegemea. Akupe na uso usiohitaji kujificha. Haya, nenda ukalale salama, mwanangu, na Bwana akuangalie mpaka kukuche.