Ofisa Bayumi na Fomu ya Kwanza

Kwa miaka ishirini na sita Bayumi, ambaye wote walimwita Ami kwa heshima, alipika chai na kahawa kwenye ofisi ya kampuni moja ya vigae, mtaa wa Dokki, Kairo. Wafanyakazi thelathini na wanane, na hakuna aliyehitaji kuulizwa sukari kiasi gani. Mtu akiingia kanuna, Bayumi alimwekea kahawa, akarudi baadaye kuchukua kikombe pamoja na habari zote za ugomvi wa nyumbani.

Akaja Madamu Inas, mkuu mpya wa utumishi, mwanamke mwema kupita kiasi, na mpango wake wa kutunza mazingira na afya za watu. Viyoyozi vikazimwa, lifti ikafungwa, wanene wakapanda ngazi wakimtaja Mungu. Kisha jiko la Bayumi likafungwa kwa kuwa linakula gesi. Ikaletwa mashine na vikombe vya karatasi. Bayumi mwenyewe akapandishwa cheo: Ofisa wa Ustawi, mwenye meza, muhuri na fomu za malalamiko. Neno lake kwenye fomu ni la mwisho.

"Hongera, bosi!" alisema Tharwat wa uhasibu. "Chai yangu iko wapi?"

"Iulize mashine."

"Nimeiuliza. Imenipa maji yaliyofuliwa soksi."

"Basi andika malalamiko."

"Niweke jina langu? Ami, mimi nina watoto!"

Wote walikuwa hivyo. Wiki nzima walimnong'oneza, na akishika kalamu wanatawanyika. Bayumi alikaa na mikono yake mitupu, moyo unamuuma, akiona aibu kupokea mshahara. Siku ya Alhamisi Madamu Inas akatangaza kwa furaha: hakuna malalamiko, kwa hiyo Jumapili jiko linavunjwa, pajengwe chumba cha kunyoosha viungo.

Bayumi akachukua fomu, akaijaza kwa jina lake mwenyewe: mashine iondoke, jiko lirudi. Akahamia nayo upande wa pili wa meza, akavaa miwani, akaisoma kwa makini kama hajawahi kuiona. Akaandika "Yana msingi," akagonga muhuri.

"Ami, mlalamikaji wewe, hakimu wewe?" Madamu Inas, aliyekuwa bado amesimama pale, alishangaa.

"Mlalamikaji namjua tangu utotoni, Madamu. Si mwongo." Akamvutia gunia la vikombe vya karatasi. "Hivi ni vya wiki hii tu. Vya kwangu vya kioo nilivinunua binti yangu alipozaliwa. Sasa ana watoto wawili."

Madamu Inas aliliangalia gunia mpaka akachoka. Akatia sahihi chini ya muhuri, akavuta kiti, akakaa.

"Nipe fomu na mimi," alisema polepole.

"Unalalamikia nini?"

"Tangu nije hapa, hakuna aliyeniuliza habari yangu."

Bayumi akavua miwani.

"Hilo haliandikwi, binti yangu," alisema. "Nipe ufunguo wa jiko."