Mnara Kwenye Msingi wa Bweni

Nilikaa kwenye kikao cha madiwani Kilosa, nikasikia jina langu likisomwa kwamba nimeukubali mnara wa simu.

Wenzangu, nilipanda basi alfajiri ile kwenda kuukataa.

Naitwa Bibi Magdalena. Kijiji chetu sikitaji, kiko njia ya kwenda Mikumi.

Kwenye eneo la sekondari yetu, wazazi tulijenga msingi wa bweni la wasichana. Mawe tulibeba kichwani. Mabinti wa mbali walitembea saa mbili kufika shule, na kila mwaka kuna walioishia njiani.

Shimba, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Usukumani, alisema wazi. "Binti yangu Kishiwa akimaliza kidato cha pili hakuna bweni, namtoa. Chumba cha kupanga simlazi." Mchanga aliouleta kwa mkokoteni wake ulituzidi sisi wenyeji wote.

Ndipo watu wa simu wakaja. Wakapataka palepale penye msingi, eti gari linafika.

Mkutano wa kijiji ulijaa. Mtendaji wetu, Wenceslaus, kijana mpole, akanitolea kiti cha ofisini kwake na maji ya chupa. Mambo kama hayo mimi siyasahau.

"Bibi, tupande miti kutafuta mtandao mpaka lini?" kijana mmoja akanitania.

"Panda tu mjukuu wangu, kitambi kipungue."

Watu wakacheka. Nikasema mnara siukatai, ila uende kule kilimani. Msingi wa watoto uachwe.

Mikono ikanyooshwa. Waliokubali sita. Waliokataa ni umati.

Wenceslaus akapitisha karatasi yenye namba, jina na sahihi. "Ni mahudhurio tu, wazee wangu."

Hakuna aliyesogea. Shimba akaficha mikono nyuma.

"Mimi karatasi hapana. Nilikotoka nilisaini, kesho yake naambiwa nihamishe ng'ombe."

"Mwone huyu! Jitu zima linaogopa kalamu!" mmoja akadakia kutoka nyuma.

Nikamwonea huruma yule mtendaji, amesimama juani jasho linamtoka. Nikasaini wa kwanza. Kisha nikageuka.

"Baba Kishiwa, mwanangu, ni mahudhurio. Usimtese kijana wa watu."

Shimba akaitoa mikono nyuma.

"Kwa kuwa umesema wewe, mama."

Akasaini. Wengine wote wakafuata.

Kumbe ile ilikuwa karatasi ya pili ya waraka! Ya kwanza ilibaki ofisini, na juu yake imeandikwa: Wananchi walioridhia ujenzi wa mnara shuleni.

Kule Kilosa diwani wetu alikuwa anatupigania mpaka sauti inakauka. Mwenzake akamuuliza, "Mheshimiwa, unamtetea nani? Watu wako si hawa hapa wamesaini?" Yakaanza kusomwa majina. La kwanza, langu.

Diwani wetu akakaa chini.

Nikasimama. "Jamani, hayo ni mahudhurio!"

Mwenyekiti akasema msikilizaji haruhusiwi kuzungumza. Askari wa mlangoni akanishika mkono taratibu, akanitoa nje. "Pole, mama," akanong'ona. Mungu ambariki yule.

Nje nikamkuta Wenceslaus.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. "Kwa nini, mwanangu?"

Akatazama viatu vyake. "Niliagizwa, bibi. Na pale nilishakata tamaa, watu wamegoma kabisa. Mpaka wewe uliposema."

Mnara umesimama. Mtandao unashika mpaka jikoni kwangu.

Ilipofika Januari, Kishiwa hakurudi shule. Nikaenda kwa Shimba kuomba radhi. Akanipa shikamoo yake ileile, akaagiza niletewe maziwa. Nikamweleza yote, machozi yananitoka.

"Mama," akasema, "mimi nilijua karatasi ile si nzuri. Nilijua kabla sijashika kalamu."

"Sasa ulisainia nini?"

"Ningekukatalia vipi wewe, mbele za watu?"

Kishiwa akaja na kikombe, akapiga magoti kunikabidhi. Baba yake akasema mahari imeshapokelewa, mwezi wa sita anaondoka.

Nyinyi mnaoheshimiwa na watu, nisikilizeni. Kabla hujamwambia mtu asaini, dai karatasi zote uzisome mwenyewe, hata kama aliyezileta ni mpole kiasi gani. Anayekuheshimu hatakuuliza swali. Ataandika jina lake chini ya lako, na mtoto wake ndiye atakayelipa.