Swali Aliloliuliza Mwalimu Apakuki

Pale Levuka, mji mdogo wa Fiji, zamani ukimtaja Mwalimu Apakuki watu walicheka kwanza. Karibu wote aliwafundisha hesabu, na wote aliwasumbua kwa fumbo lake la njia panda: wamesimama ndugu wawili, mmoja hasemi ila kweli, mwingine hasemi ila uongo, nawe una swali moja tu la kuulizia njia.

"Muulize yeyote kati yao," alikuwa akisema huku akipangusa chaki, "ndugu yako angenionyesha njia ipi? Kisha wewe shika ile nyingine. Hukosei!"

Nyumbani kwake nako walikuwako ndugu wawili. Eroni, mkubwa, mwimbaji wa kwaya, neno lake halikutiliwa shaka. Kitione, mdogo, alikuwa mwongo wa kutupwa; angekuapia kuwa mvua inanyesha nawe umeanika nguo juani.

Mwaka mmoja ghala la shule likateketea, na mzee Josefa, mlinzi, akafia humo. Walioonekana wakikimbia ni wana wa mwalimu. Kabla polisi hawajafika, Apakuki alimshika Eroni bega.

"Nikimuuliza mdogo wako nani aliwasha moto, atamtaja nani?"

Eroni aliinama. "Atanitaja mimi, Baba."

Apakuki hakuhitaji zaidi. Mwongo akimtaja Eroni, basi aliyewasha ni Kitione. Akamkamata mkono, yeye mwenyewe akamkabidhi kwa polisi.

"Baba, mimi mwongo, najua!" Kitione alilia. "Naongopa asubuhi, naongopa jioni. Lakini leo siongopi! Ni Eroni, alitupa sigara!"

"Hata leo, Kitione?"

Salaseini, mama yao, alipiga magoti mlangoni. "Baba Eroni, huyu ni mtoto, si fumbo!"

Hakumsikia.

Kitione alifia gerezani Suva, kwa ugonjwa wa mapafu. Siku ya maziko, mikeka imetandikwa na kinywaji cha kava kinakorogwa, Eroni alijitupa juu ya jeneza.

"Ni mimi! Niliogopa, jamani. Ni mimi!"

Jioni ile polisi walimchukua Eroni, na Salaseini akarudi kwao milimani.

Mwalimu alitafuta jino la nyangumi, lile la kuombea msamaha, akapanda nalo hadi kwa wakwe zake. Alikaa chini, kichwa ameinamisha, akisubiri lipokewe. Hakuna aliyenyoosha mkono kulipokea, mpaka miguu ikamfa ganzi.

"Shemeji," alisema hatimaye Taniela, kaka mkubwa wa Salaseini, "ungemuua mpwa wetu kwa hasira, tungelipokea. Ulimtoa ukiwa umetulia. Ondoka nalo."

Nyuma ya pazia Salaseini alikohoa. Apakuki alisubiri, labda atasema neno. Hakusema. Akashuka mlima na jino lake kwapani, akapita mbele ya shule, na watoto waliomwona wakaacha kucheza.

Hakufundisha tena. Majirani humletea chakula, na mara nyingi hukikuta asubuhi vilevile, kimefunikwa.