Folda elfu kumi na moja, na picha moja ya Bosibori

Saa mbili na nusu asubuhi, Valarie Osewe anafungua dirisha la studio ya picha mjini Kisii, anapangusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya leso, anaandika mstari mmoja na kubonyeza kitufe. Majina yanaanza kumiminika kwenye kioo kama mahindi yanayotiwa guniani.

"Hiyo ndiyo kazi," asema. "Naiuliza kompyuta, ndani ya hii folda kuna nini? Inanipa orodha. Tukipata folda nyingine ndani, tunaingia, nauliza tena. Basi."

Ukimsikiliza utadhani ni mchezo. Kumbe diski nne za studio hii zimebeba picha za miaka kumi na minane, folda ndani ya folda, na aliyezipanga alizipanga anavyojua yeye.

Mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 33, alizaliwa Homa Bay na anaishi Nyanchwa. Aliajiriwa mwaka 2019 kuchapisha picha za pasipoti. Mshahara ulikuwa Sh14,000, sasa ni Sh19,000. Kuandika programu alijifundisha kwenye kompyuta hiyo hiyo wateja wakiadimika, na anakiri bila haya kuwa ni uvivu uliomsukuma: alichoka kufungua folda moja moja.

Programu hiyo nusura imwaibishe Machi mwaka huu.

Siku ya Jumanne aliingia Mzee Ondieki, mkulima wa chai kutoka Nyansiongo. Mkewe, Yunuke Bosibori, alikuwa amefariki na mazishi yalikuwa Ijumaa. Picha yake nzuri ilikuwa moja tu, iliyopigwa studioni humo mwaka 2012 bonasi ya majani chai ilipokuwa nono. Ile iliyokuwa ukutani nyumbani ililiwa na mchwa, fremu na yote.

"Kwa kitambulisho anakaa ni kama amekasirika," mzee alimwambia. "Bosibori hakuwa mtu ya kukasirika. Msichana wangu, nitafutie ile alikuwa anacheka."

Valarie aliiagiza programu imtafute Bosibori. Hakuna. Akajaribu Ondieki. Hakuna. Chini ya kioo pakaandikwa kwamba picha zilizosomwa ni 214.

Mwenye studio, Sabir Jaffer, hapendi kumzungusha mteja. "Val, mwambie mzee ukweli," alimnong'oneza. "Kama haiko, haiko."

Valarie alikuwa ameshafungua kinywa amwambie. Jicho likaangukia ile 214.

"Nikajiuliza, diski zimejaa pomoni, picha 214 zimezijazaje? Nikamwambia, baba, keti kidogo."

Kosa lilikuwa lake, naye hamtupii mtu. Kompyuta inapotoa orodha hutaja jina la folda tu, haisemi folda hiyo iko wapi. Programu ilichukua jina hilo tupu na kwenda kugonga nalo mlango usio wake.

"Ni kama umetumwa kwa Onyancha wa Ogembo, halafu unasimama hapa stendi ya Kisii unauliza, Onyancha yuko? Utaambiwa hayuko," aeleza. "Na mimi nilikuwa nimeiandika inyamaze ikikosa kitu. Kwa hivyo ilinyamaza, ikaruka folda zote za ndani."

Aliongeza maneno machache ya kuunganisha kila jina na njia yake kamili. Safari hii programu ilisoma picha 86,000 katika folda 11,000.

Na bado hapakuwa na Bosibori.

Hapo ndipo Sabir alipokuna kichwa. Miaka hiyo, asema, picha zilichukua siku kadhaa kuwa tayari, na watu wa mbali hawakutaka kulipa nauli mara mbili. Walimtuma mwendesha bodaboda wao.

"Anayekuja kuchukua ndiye namwona," Sabir ajitetea. "Jina yake ndio niliandika kwa folda."

Mzee akaulizwa ni nani aliyemletea picha.

"Si ni Obwocha wa pikipiki? Yeye ndio alikuwa anatuletea kila kitu."

Folda za Obwocha zilikuwa 39. Valarie alizifungua moja baada ya nyingine, mzee akiwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika kofia. Nyanya wa watu. Harusi ya watu. Watoto wa shule. Katika folda ya ishirini na sita, mwanamke wa kitambaa cha kijani kichwani alikuwa akicheka hadi macho yamefumba.

"Ndio huyo," mzee alisema. "Imbuya mono, vizuri sana, msichana wangu. Ndio huyo."

Valarie alilia, na hafichi. Picha ilichapishwa kubwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya wateja kujaa, huketi na orodha yake. Huwapigia simu waendesha bodaboda wa zamani, Obwocha akiwemo, na kuwauliza walimchukulia nani. Amemaliza folda 1,300. Anataka kuzimaliza zote kufikia mwisho wa mwaka ujao, kisha azifikie studio za Ogembo na Nyamira.

"Nilisoma diski zote, na jina la yule mama halikuwa mahali popote," asema. "Uso uko, lakini jina ni la mtu wa pikipiki. Mimi nataka mtoto akija hapa amtaje mamake, na mamake atokee."