Kiganja cha Khalid Kwenye Kioo

Pombe sinywi, na siku ile nilikuwa nimelala usingizi wa kutosha. Nayatanguliza haya kwa sababu najua utakavyonitazama nikimaliza. Jambo hili lilinipata mchana kweupe, mtaani Al Sadd, nyuma ya maduka ya vitambaa, jua la Doha likiwa utosini.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja ya Waqatari. Mama mwenye nyumba tulimwita Umm Khalid, kwa jina la mwanawe wa kwanza, rubani wa ndege za kivita. Mwaka ule wa vita vya Libya, Khalid alipelekwa kisiwa kimoja cha Wagiriki. Kazi yao ilikuwa kuzunguka kwenye anga ya Libya, ili ndege za kivita za serikali ya kule zisithubutu kuruka. Kila siku baada ya magharibi alimpigia mama yake simu. Hakukosa.

Basi mchana huo Umm Khalid yuko dukani, mimi namsubiri garini, milango nimeifunga, kiyoyozi kinavuma. Nikasikia kioo kinagongwa. Nageuka, namwona Khalid.

Niamini, alikuwa yeye. Kavaa ovaroli ya rubani, alama ya barakoa ya kupumulia angani imemzunguka pua na mdomo. Kiganja kakibandika kwenye kioo.

"Nifungulie, kaka," akasema. "Nipeleke kwa mama."

Kwa Kiswahili! Tena kile cha kwetu Tanga. Mimi na Khalid tulikuwa tukizungumza kwa Kiarabu changu cha kuombea maji. Yeye Kiswahili alijua "jambo" tu. Mkono wangu ulishafika kwenye kitasa. Ukasita. Jana jioni si alipiga simu kutoka huko huko? Sasa huyu kafikaje?

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyevunjwa moyo. "Hunijui?"

Nikapepesa macho, nikaona ukuta mtupu. Lakini kwenye kioo palikuwa na kiganja cheupe, vidole vyote vitano, na niliposhuka kukigusa kilikuwa barafu. Barafu, nje ya gari, kwenye joto lile! Umm Khalid alipotoka dukani kilikuwa kinayeyuka. Alikigusa, akanionyesha vidole vyake vilivyolowa.

"Nani alikuwa hapa?"

Nikadanganya. "Hakuna mtu, mama."

Jioni ile simu haikulia. Wala kesho yake. Umm Khalid hakula. Alikaa juu ya mswala, simu mbele yake. Mimi niliwaza jambo moja tu: je, nimemfungia mlango mtu aliyekuwa anakufa?

Siku ya tatu ikalia. Alikuwa Khalid, yuko hospitali, mzima.

Aliporudi Doha, baada ya kumwona mama yake, alinitafuta mimi kwanza. Akanieleza kwamba giza lilimwingia machoni akiwa angani, na mwenzake wa ndege ya pili akamwita kwa jina lake kwenye redio, akamwita tena na tena, mpaka akazinduka.

"Nilipopotea nilikuwa Al Sadd," akasema. "Nilikuona. Kwa nini uliniuliza mimi ni nani?"

"Ulisema Kiswahili," nikajitetea.

"Mimi nilisema Kiarabu."



Hakunichukia. Ila tangu hapo hakupanda gari langu kabla sijamwita kwa jina, kwa sauti, kama mtu anayetaka kuhakikishiwa kwamba yupo. Mama yake sikumwambia ukweli mpaka naondoka Qatar, na wallahi, uongo ule unanisumbua kuliko barafu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukigongewa na mtu unayejua yuko mbali, usimuulize kafikaje. Mwite jina lake. Na kama mama yake yupo karibu, kimbia ukamlete.