Misonyo ya Jumamosi

Mhariri wangu hakuwaga na haja ya kalamu. Nilikuwa namsomea kwa sauti sebuleni kwake Tegeta, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Akisonya, nafuta. Akinyamaza, sentensi imepona. Ndiyo ilikuwa sheria yetu kwa miaka sita, vitabu vitatu. Kalamu yake nyekundu ilitoka mara moja tu kwa kila kitabu, mwisho kabisa, karatasi za majaribio zikitoka kwa mchapaji.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa bara, na hakunipenda hata kidogo. Mie niliishia kidato cha nne, nafanya usafi kwenye ofisi moja Kurasini, naandika kwenye kaunta buku saa ya chakula. Nilimpenda hivyo hivyo. Kila Jumamosi asubuhi natoka Vingunguti nimepiga gauni pasi, mkononi ndizi zake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Weka hapo. Soma."

Hata marahaba alinibania.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja: kwenye vitabu vyangu, mwishoni lazima mtu arudi nyumbani. Kitabu cha kwanza alirudi kaka, mwalimu akamsonya mpaka nikamfuta. Cha pili alirudi dada, naye akaenda na maji. Cha tatu alikuwa baba. Baba yangu mwenyewe alikuwa dalali wa ng'ombe pale machinjioni. Nikiwa darasa la tano aliaga kwamba anafuata mzigo Dodoma, tukaonana siku hiyo mara ya mwisho. Nikaapa huyu hafutwi, hata kuche kusiche.

"Anarudi?" aliniuliza hata sijafungua daftari.

"Anarudi."

Akasonya msonyo mrefu, paka akatoka nje.

"We mtoto, unaandika riwaya au umefungua stendi? Kila mtu anashukia kwako!"

"Watu wanarudigi, mwalimu."

"Wapi huko? Unamngoja mtu aliyekwisha kukusahau, halafu unataka na wasomaji wakae barazani wangoje na wewe."

Hapo nikaharibu. Jirani yake muuza mkaa alishanidokeza habari za mume wa mwalimu, aliyekwenda kusoma ng'ambo akaoa hukohuko. Nikamwambia, "Unanifutia watu wangu kwa sababu wako hakurudi."

Mikono ikasimama juu ya ungo. Nilitamani nilimeze lile neno, lakini lilishatoka.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Baba anaingia getini na mfuko wa machungwa, anapiga magoti mbele ya bintiye, analia, anasema hakuna usiku aliolala bila kumuwaza. Ukurasa mzima, mwalimu hakusonya. Kwa sheria yetu baba alikuwa amepona. Nilipaswa kufurahi, ila sikuweza.

"Rudia."

Nikarudia. Kimya.

"Tena."

Mara ya tatu, nilipofika kwenye "hakuna usiku niliolala", nikasonya mimi mwenyewe. Msonyo ulinitoka kama chafya. Baba yangu akigusa mto tu alikuwa anakoroma, na magoti hakumpigia mtu.

Mwalimu akainua macho. "Unamsonya nani?"

"Baba. Hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, mfunge mdomo."

Nikafuta kilio, nikafuta magoti, nikafuta maneno yote. Akabaki mwanamume na mfuko wa machungwa nje ya geti, na binti ndani ambaye hajaamua kufungua. Nikasoma hivyo, nikangoja. Mwalimu akarudi kwenye mchele wake, akaokota jiwe, akalitupa dirishani.

"Mwalimu, lile neno nililosema, nisamehe."

"Beba ndizi zako. Zimeiva mno. Na toka."

Nikazibeba. Nilizila peke yangu kituoni huku nalia, na zilikuwa tamu.

Karatasi za majaribio zilipotoka kwa mchapaji nilimpelekea, akazipokelea mlangoni. Kwenye shukrani nilikuwa nimemweka mstari wa kwanza, mbele hata ya mama. Wiki iliyofuata nikazikuta juu ya ukuta wa baraza, zimekandamizwa kwa tofali, yeye kajifungia ndani. Shukrani alikuwa ameipiga mistari myekundu ukurasa mzima, kwa nguvu mpaka karatasi imechanika.

Nikafunua mbio mpaka ukurasa wa mwisho. Baba alikuwa bado amesimama getini na machungwa yake. Kalamu nyekundu haikumgusa.