Kikohozi cha Baba Kampala

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, amenitumia picha kwenye simu. Fleti huko Kampala: vyumba vitatu, jiko, sebule yenye makochi ya kijivu, tulale humo sote tutakapokwenda kwenye mahafali ya kitindamimba wangu. Chini ameandika, "Mum, hii iko sawa? Nilipie?"

Siku mbili sikumjibu. Binti yangu anadhani simu imenishinda. Acha adhani. Mimi nikitoka Busia kwenda Tororo tu naaga majirani kama nakwenda Ulaya, kwa hiyo kimya changu hakimshangazi mtu. Lakini wewe ni rafiki, nitakuambia ukweli. Nimeona picha ya mlango mmoja na paa moja, nikamkumbuka bibi.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni kosa. Bibi yangu wa Lunyo, mama yake mama, alikuwa akisema: "Mkwe ni moto. Unauota kwa mbali, huukumbatii." Baba akija kwake alisimama langoni akakohoa mara mbili, ili bibi apate nafasi ya kuingia ndani na kujifunika kanga. Ndivyo walivyopendana wale wawili, kwa kukoholeana.

Nilipokuwa na miaka minane, mtoto wa jicho alimziba bibi macho yote mawili. Zikaja habari kwamba madaktari wageni watapasua macho Kampala kwa siku mbili tu. Mama alikuwa na kichanga. Aliyeujua mji alikuwa baba peke yake. Basi tukaenda: baba mbele ya basi, bibi nyuma kabisa, na mimi katikati nikiwa ukuta. Kapu la bibi lenye samaki wakavu na unga wa wimbi lilinuka hadi dereva akafungua dirisha.

Tulifika jioni ya siku ya kwanza. Jirani kabisa na hospitali palikuwa na gesti, na chumba kimoja kilikuwa kimebaki. Mwenye gesti alitutazama. "Si nyinyi familia moja? Vitanda vitatu, mnataka nini tena?"

Baba alitazama sakafu. "Huyu ni mama mkwe wangu."

"Kwani atakuuma?"

Bibi alikuwa ameshageuka kutoka nje. Basi mimi na bibi tukalala kwenye hosteli ya kanisa, juu ya kilima, na baba akapata kitanda ng'ambo ya bonde. Kutoka hapo hospitali ilikuwa mwendo wa kutokwa jasho.

Asubuhi baba alikuja, akasimama getini akitupa mgongo, akakohoa. Mpango ulikuwa huu: atatangulia hatua kumi, akikohoa, na bibi atafuata akiwa ameshika bega langu. Baba aliniambia bila kugeuka, "Wewe ndiye macho yetu. Usiliache koti langu." Koti lenyewe lilikuwa la kahawia.

Nililishika kwa macho mpaka kwenye njia panda. Hapo palikuwa na duka, na dirishani sanamu limevaa gauni la harusi, halina kichwa. Sijawahi kuona bibi harusi asiye na kichwa. Nilitazama kidogo tu, rafiki yangu, nakuapia. Niliporudisha macho, koti la kahawia lilikuwa linavuka barabara, likakohoa, nasi tukalifuata. Tulipanda, tukashuka, tukapita soko zima. Mwishowe lile koti likageuka.

"Nyinyi nanifuata wapi? Mimi nakwenda kazi!"

Hakuwa baba. Vidole vya bibi viliniingia begani.

Baba hakuwa ametazama nyuma njia nzima. Kumtazama mkwe ni kukosa adabu. Alijua tumepotea alipofika kwenye lango la hospitali. Alitupata jua likiwa la utosi. Nilisikia kikohozi nyuma yetu, kimoja tu, na kilikuwa kama cha mtu anayelia. Tulipofika, nesi alikuwa ameshafunga orodha ya siku ile ya mwisho. "Mje mwakani," alisema. Mwakani wale madaktari hawakuja.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Majirani wa Lunyo walipouliza, bibi alijibu, "Kampala watu wanaokohoa ni wengi mno." Wakacheka. Mimi nikachukua mtungi nikaenda kisimani, bila kutumwa.

Aliishi hivyo hadi mwisho, akimenya karanga kwa kupapasa. Baba akikohoa langoni, bibi alisimama, akajifunika, akapapasa ukuta kuingia ndani ili asimwone mtu ambaye hata hivyo hakuweza kumwona.

Siku hizi nani anakohoa langoni? Mkwe wangu akija huingia moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria. "Mum, leo samaki?" Ninamkaripia, kisha ninamwekea kichwa, maana anakipenda.

Leo nimemjibu: "Lipia." Amenitumia vile vikatuni vya simu vinavyocheza ngoma. Nilichoshindwa kuandika ni hiki: tukifika kwenye ile barabara, anishike mkono. Na heshima ikimzuia, basi atangulie akohoe. Safari hii sitatazama madirisha.